Barua ya wazi kwa wakuu: mfereji wa Bolton na Bury unahitaji mwenyewe

Waheshimiwa madiwani, Meya, wakubwa wa mipango miji, wa barabara na wa mbuga, na nyie wote mnaohusika na mifereji ya nchi hii,

Shikamooni kwa wanaostahili shikamoo, na wengine habari za kazi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nikiandika Kiingereza naishia kusema nusu ya ninachotaka, na hili jambo sitaki kulisema nusu. Alafu sisi tunaosoma Kiswahili huku Bolton, kaskazini mwa Uingereza, tupo wengi, mji huu ulikuwa kati ya ile ya mwanzo kabisa kupokea wakimbizi wa Gateway, ule mpango wa serikali wa kuleta wakimbizi, kuanzia 2004 na ndugu zetu wa Kongo wengi walikuja kwa njia hiyo, wengine tukaja na kazi za hospitali na za kuhudumia wazee. Wakalimani mnao, nimeshakaa nao kliniki mara nyingi tu, basi naomba hii barua mtafsiriwe yote mpaka mwisho.

Jambo lenyewe ni ule mfereji wa zamani, Manchester, Bolton na Bury, ule uliochimbwa kwa ajili ya makaa ya mawe.

Niwaambie kwanza nilivyoujua. Mimi ni kea, yaani mhudumu wa wazee majumbani, nazunguka nyumba kwa nyumba asubuhi na jioni, na kwa miaka miwili hivi nilikuwa namhudumia bibi mmoja pale Little Lever, umri tisini na kitu, jina lake nabaki nalo mwenyewe. Siku ya kwanza namvalisha soksi akaniuliza kwenu wapi, nikamwambia Tanzania, akauliza kwenu kuna makaa ya mawe? Nilishangaa maana watu wote huwa wananiuliza simba. Nikamwambia yapo, baba yangu mdogo alifanya kazi mgodi wa Kiwira kule mpakani mwa Kyela na Ileje, alikuwa akirudi nyumbani anasugua mikono kwa jiwe na sabuni ya mche na bado kwenye mistari ya viganja weusi unabaki pale pale. Yule bibi akanyamaza, akaishika mikono yangu akaigeuza akaiangalia viganja, akasema hata baba yake alikuwa hivyo hivyo. Kuanzia siku hiyo sikuwa tena mtu wa shifti kwake.

Ndo akaanza kunihadithia mfereji. Kwamba yeye mtoto mdogo nyumbani kwao kulikuwa karibu na mgodi wa Ladyshore, boti zinajaa makaa pale mgodini zinakwenda Bury, farasi mbele na kamba ndefu nyuma yake, na wao watoto wanafuata pembeni kuokota vipande vilivyodondoka wapeleke kwa mama zao. Alikuwa anasema maji ya mfereji yalikuwa hayana kelele kabisa, unachosikia ni kwato na kamba ikikwaruza jiwe la daraja. Mimi nilikuwa nikipita pale kila siku na gari, najua kuna maji yamesimama na bata na majani, nikidhani ni bwawa tu.

Basi nikaanza kwenda mwenyewe siku za ofu, na nilichokiona ndicho kinanifanya nisilale.

Wakuu, wengi wenu najua mnafahamu haya lakini waacheni wasomaji wangu nao wayajue. Bunge lilipitisha sheria ya kuchimba huu mfereji mwaka 1791, na kina Matthew Fletcher waliokuwa nyuma yake walikuwa ni watu wa migodi, sio watu wa kutalii. Urefu wake kama kilomita 24, ukipita Salford, ukifuata bonde la mto Irwell, mpaka pale Nob End ambapo unagawanyika, mkono mmoja unakwenda Bolton na mwingine unakwenda Bury. Ile mikono miwili iko juu kabisa ya bonde, na mfereji wa kutoka Manchester uko chini, tofauti ya kimo ni mita 20 hivi. Sasa boti inapandaje mlima? Walijenga loki sita, yaani vyumba vya mawe vyenye malango, vitatu vimeungana na vitatu vingine vimeungana, kama ngazi, boti inaingia chumba cha chini, lango linafungwa, maji yanaachiliwa kutoka juu, boti inanyanyuka yenyewe taratibu na mzigo wake mpaka inalingana na chumba kinachofuata. Hakuna injini hapo, ni maji na mikono ya watu. Miaka ya 1790 hiyo.

Na zile boti zenyewe ndo zilinimaliza. Makaa hayakumwagwa tu ndani, yalikuwa yanapakiwa kwenye masanduku makubwa yaliyopangwa kwenye boti, ukifika unakoshusha kreni inanyanyua sanduku zima na makaa yake. Hiyo ni kontena jamani! Sisi tuliozoea kuona makontena pale bandari ya Dar tunadhani ni kitu cha juzi cha meli kubwa, kumbe hapa Little Lever na Radcliffe watu wa migodini walishaifanya kazi hiyo hiyo kwa farasi na kamba. Na ukitaka ushahidi haupo makumbusho, upo nje kwenye mvua pale Radcliffe, kreni ya mvuke ya Mount Sion, ya karne ya 19, imesimama ukingoni mwa mfereji mpaka leo. Ilikuwa ikinyanyua masanduku ya makaa ya kile kiwanda cha kung'arisha vitambaa. Nilisimama chini yake nikaweka mkono kwenye chuma. Kutu imekula kwa tabaka, ukibonyeza kidogo inabaki kwenye vidole kama unga wa mdalasini, lakini meno ya zile gia bado yanakamatana, unaona kabisa lipi lilikuwa linasukuma lipi. Mtoto wa darasa la tano ukimsimamisha pale dakika kumi anaelewa mashine kuliko kitabu kizima.

Mfereji ulikufa vipi, hiyo nayo ni hadithi. Kampuni yenyewe ilianza kuuchoka mapema, mwaka 1831 walitaka kuukausha wajenge reli juu yake, wenye migodi wakakataa kwa sababu mzigo wao ulikuwa ukipita majini, basi reli ikajengwa pembeni ikafunguliwa 1838 na mfereji ukaendelea. Halafu tarehe 6 Julai 1936, karibu na Nob End upande wa mkono wa Bury, ukingo ukaachia. Pale mfereji umening'inia ubavuni mwa bonde, chini yake kabisa ni Irwell, sasa ukuta ulipoondoka maji yote yakaporomoka mtelemko mzima mpaka mtoni. Kampuni ya reli iliyokuwa na mfereji wakati huo ikaona haina faida kutengeneza, ikaacha. Zile loki sita zikabaki hazina maji. Mwaka 1941 sehemu kubwa ikafutwa kisheria, kati ya Ladyshore na Bury makaa yakaendelea kusafirishwa mpaka 1951, na 1961 kilichobaki kikafungwa rasmi. Yaani yule bibi yangu alikuwa msichana mdogo ukingo ulipoachia na msichana mkubwa boti za mwisho za Ladyshore zilipopita. Hii sio historia ya kale ya wafalme, ni utoto wa mtu niliyemkatia kucha.

Leo ukienda pale ukingo ulipoachia utaona mwenyewe. Mfereji unakuja vizuri, una maji, alafu unaisha tu, kama barabara iliyokatwa na mafuriko, na mbele yako ni shimo kubwa la kijani, miti imeota, na ng'ambo unaona tuta linapoendelea. Hakuna mtu wa kukueleza kilichotokea. Nimekaa pale Jumapili nikaona familia tatu zinapita na watoto, moja ni ya kwetu kabisa, mama anaongea Kiswahili cha Bukavu, wanapiga picha wanaondoka. Nilimwita nikamwambia dada njoo nikuonyeshe, nikamuonyesha tuta la huku na tuta la kule, akashika mdomo, akasema niko hapa mwaka wa kumi na moja sikujua.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma.

Yule bibi alitaka kuuona mfereji mara moja tena. Sio mbali, ni mfereji wa mtaani kwake aliouona kila siku ya utoto wake. Nilichukua siku yangu ya ofu, tukapanga, nikamvisha koti zito na kofia ya sufu na blanketi miguuni, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka mwanzo wa njia. Pale mwanzoni kuna lile fremu la chuma la kuzuia pikipiki, mnalijua, mabomba mawili yamesimama kama herufi A. Kiti hakikupita. Nikajaribu kuingia kwa nyuma, nikajaribu kukiinamisha na yeye ndani yake, mpini mmoja ukabanwa kabisa nikabaki navuta huku nimeshikilia bega lake asidondoke, kikatoka na alama ya rangi ya lile bomba. Pengo la vidole vinne tu lilikuwa linatufanya tushindwe. Kutoka pale tulipokwama unayaona maji, sio mbali hata kidogo. Alikaa akaangalia hapo kwa mbali kama dakika tano hivi, alafu akaniambia basi turudi, chai itapoa.

Nikaanza kupiga simu. Ofisi ya kwanza ikaniambia njia ile sio yetu jaribu fulani, huyo fulani akasema maji ni yetu ila fremu hatukuweka sisi, wa tatu akanipa fomu ya mtandaoni, nikajaza, nikapata namba ya kumbukumbu na baada ya hapo kimya. Sizitaji ofisi hizo na sina haja, waliopokea simu walikuwa vijana wa kazi kama mimi wanajibu walichoambiwa. Ilichukua miezi na bibi hakuwa na miezi. Amefariki mwezi wa pili hajauona.

Ndo maana nasema huu mfereji unahitaji mwenyewe. Kwenye karatasi wapo, sehemu kubwa iko chini ya shirika la Canal & River Trust, njia inapita maeneo ya kaunsili tatu, Bolton, Bury na Salford, kuna sehemu ziko chini ya barabara, kuna sehemu ziko chini ya majengo, zile loki za Nob End ziko kwenye eneo linalolindwa kwa ajili ya mimea. Kila kipande kina mtu wake. Lakini mwenye mfereji mzima, mtu mmoja ambaye ukimpigia hawezi kukuambia huo sio wetu, huyo mimi sijampata, na kitu kisicho na mtu mmoja wa kukijibia kinaibiwa vipande vipande mchana kweupe bila mwizi kuonekana. Si imeshatokea? Mkono wa Bolton wenyewe umelaliwa na St Peter's Way, ile A666 tunayopita wote kwenda kazini, unaendesha gari juu ya mfereji na hujui. Pale Darcy Lever kulikuwa na madaraja makubwa ya maji yaliyobeba mfereji juu ya bonde, yakabomolewa. Walioyabomoa naamini hawakuwa wabaya, kila mmoja alikuwa na kipande chake na sababu yake.

Na sasa hivi kuna zamu nyingine inakuja. Places for Everyone, ule mpango wenu wa ardhi na ujenzi wa eneo la Greater Manchester, mliupitisha Machi 2024, na ndani yake kuna nyumba kama 3,500 za kujengwa kuzunguka bwawa la Elton, upande wa Bury na Radcliffe. Mimi sipingi nyumba, jamani, nyumba zinahitajika, najua watu wanaolala watano chumba kimoja. Ila lile bwawa la Elton halikutengenezwa kwa uvuvi wala kwa mashua za michezo, lilitengenezwa kulisha huu mfereji maji, na mfereji wenyewe unapita huko huko, na mkono wa Bury bado una maji ya kutosha mtu kuona ulivyokuwa. Mkikosea hapa hakuna pengine pa kurekebishia. Kwa hiyo kabla tingatinga la kwanza halijashuka naomba mstari wote wa mfereji, wenye maji na mkavu, uchorwe kwenye ramani za ujenzi kama kitu kimoja, na iandikwe kwamba hapajengwi juu yake, hapapitishwi bomba kuukata, na daraja lolote jipya la gari liwe na kimo cha boti kupita chini hata kama leo hakuna boti. Daraja likishakuwa fupi limeshakuwa fupi, nyie mnajua zaidi yangu.

Msiniambie haiwezekani kurudisha. Chama cha wenyeji wanaoupigania huu mfereji kipo tangu 1987, wazee kwa vijana wanaingia na mapanga na mabuti ya mpira wanafyeka ndani ya loki bila kulipwa senti. Salford pale Middlewood kipande kilichokuwa kimefukiwa kilifukuliwa kikafunguliwa 2008. Na pale Nob End juu ya loki kuna daraja dogo la miguu lililojengwa kwa mfano wa zile toi za Meccano za watoto, vyuma vyenye matundu na bolti kubwa kubwa, watoto wangu hawataki kuondoka pale. Kwa hiyo nia ipo, mikono ipo, kitu kinachokosekana ni nyie mkae meza moja.

Niseme na kuhusu maua kidogo maana nikiacha roho itanisuta. Pale Nob End karne ya 19 kulikuwa na kiwanda kinachotengeneza magadi, na taka zake, sumu tupu, zilimwagwa pale pale rundo juu ya rundo. Hakuna kilichoota. Mvua ikanyesha miaka na miaka ikaosha ule ukali, ikabaki ardhi yenye chokaa ambayo sehemu hizi za Lancashire hakuna, na siku hizi ukienda mwezi wa sita unakuta okidi, za zambarau na waridi, zimejaa kwenye jaa la kiwanda. Serikali imepatambua kama eneo maalum tangu 1988. Nilimletea bibi picha kwenye simu, akasema enzi zake hapo walikatazwa hata kucheza.

Waheshimiwa, sijaja na orodha ndefu. Nataka mtu mmoja au ofisi moja yenye namba moja ya simu, inayojibu kuhusu mfereji wote toka Salford mpaka Bury na Bolton, hata kama pesa bado zinatoka mifuko mitatu. Hiyo ofisi kazi yake ya kwanza iwe kutembea mstari mzima kwa miguu na kuandika kila alama iliyobaki, kila jiwe, kila daraja, lile la maji la Prestolee na lile la Clifton yanayovuka Irwell, kreni, majengo ya Ladyshore, hata zile sehemu ambazo zimebaki kama bonde tu nyuma ya nyumba za watu. Kazi ya pili yale mafremu yabadilishwe, zipo aina ambazo kiti cha magurudumu kinapita na pikipiki haipiti. Alafu vibao. Pale ukingo ulipoachia wekeni kibao kinachosema tarehe na kilichotokea, na kama hamtajali kiwe na Kiingereza na Kiurdu na Kigujarati na Kiswahili, maana ndo lugha zinazopita pale siku ya Jumapili. Tafsiri ya Kiswahili nitaifanya mimi bure.

Na kwenye hicho kibao msiandike majina ya wenye hisa peke yao. Watoto waliookota makaa pembeni ya boti nao wawepo, hata bila majina.

Kile kiti cha magurudumu familia yake walinipa, wakasema labda kitamfaa mwingine, kipo nyumbani kwangu nyuma ya mlango. Mimi ofu yangu ni Jumanne. Nitakuwa pale mwanzo wa njia, kwenye lile fremu, saa nne asubuhi, Jumanne ya kwanza ya kila mwezi mpaka mmoja wenu aje. Nitakuja na kiti. Atakayekuja nitamuomba akae ndani yake, nimsukume, tujaribu kupita wote wawili.

Wenu,
Kea wa Little Lever